Kutoka na Kisahani katika Eneo la Ulinzi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Hoki Asiye na Barafu

Katika hoki ya barafuni, timu isiyoweza kutoka na kisahani, yaani kile kipande cha mpira mgumu kinachochezwa kwa magongo, katika eneo lake la ulinzi hucheza mchezo mzima ikijitetea, hata iwe na washambuliaji hodari namna gani. Wapenzi wa kandanda wa Mwanza wanalijua jambo hili kwa jina la kujenga mashambulizi kutoka nyuma, na bila shaka wamewahi kuona pale uwanja wa Kirumba timu inayobutua kila mpira ikirudishiwa mpira huohuo kabla mabeki wake hawajavuta pumzi. Katika hoki adhabu huja upesi zaidi, kwa sababu beki anayekifuata kisahani kilichotupwa nyuma ya goli lake huwa na sekunde chache sana kabla ya kubanwa ukutani, tena akiwa ameupa uwanja mgongo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu wa Mwanza, au wa mji wowote wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambaye hana barafu lakini ana uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, vijana kumi au kumi na wawili, magongo ya kuchongwa na mpira wa tenisi. Uwanja wa barafu tunaoweza kuufikia kwa basi uko Nairobi, katika hoteli ya Panari, na ulifunguliwa mwaka 2005. Kutokana na uwanja huo mmoja Kenya imepata timu yake, Ice Lions, na mwaka 2024 nchi hiyo ilipokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Nasema hivi ili mwalimu asidhani kwamba anawafundisha vijana jambo lisilo na mlango wa kutokea. Sehemu kubwa ya ufundi wa kutoka na kisahani imo machoni, katika sauti zinazopazwa, na katika umbali kati ya mchezaji na mwenzake, na hayo yote hujifunzwa kwa raba juu ya saruji. Warusi, ambao ligi yao ilianza mwaka 1946 wakiwa na uhaba mkubwa wa viwanja vya barafu ya kutengenezwa, walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1954, mara ya kwanza waliposhiriki, na Anatoli Tarasov, mmoja wa walimu walioujenga mchezo huo kwao, alijulikana sana kwa mazoezi yake ya nchi kavu.

Kwanza, lielewe eneo lenyewe

Uwanja kamili wa hoki una urefu wa mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30, umezungushiwa ukuta pande zote, na pembe zake zimeviringwa. Mistari miwili ya buluu huugawa katika maeneo matatu: eneo letu la ulinzi, eneo la kati, na eneo la wapinzani. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, yaani kipa, mabeki wawili, senta na mawinga wawili. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na halikuwekwa mwisho kabisa wa uwanja kama lile la kandanda, bali lina nafasi nyuma yake ambamo wachezaji hupita. Nafasi hiyo ndogo ya nyuma ya goli ndiyo ofisi ya beki, na mwalimu asiyeitumia vizuri anapoteza nusu ya somo.

Kanuni tatu lazima vijana wazijue kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwanza ni ya kuotea: kisahani kikivuka mstari wetu wa buluu kwenda nje, hata kwa nusu mita, wapinzani wote waliomo ndani hulazimika kutoka kwanza kabla ya timu yao kukirudisha na kukicheza humo. Kwa hiyo mstari wa buluu ni mpaka wenye thamani, na kuuvuka ni kupata pumzi. Ya pili ni kwamba timu ikikipiga kisahani kutoka upande wake wa mstari wa katikati hadi kikavuka mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa, mchezo husimamishwa na kuanzishwa upya karibu na goli la timu iliyokosea, na timu hiyo hairuhusiwi kubadilisha wachezaji wake waliochoka. Ya tatu ni kwamba beki akikirusha kisahani moja kwa moja nje ya ukuta akiwa katika eneo lake la ulinzi, huadhibiwa kwa kutolewa dakika mbili. Kubutua ovyo, basi, kumefungiwa milango miwili, na vijana wakilielewa hilo huacha wenyewe kuuliza kwa nini hatupigi tu mbele.

Kuuandaa uwanja wa saruji

Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Weka goli mita 3 kutoka mstari wa mwisho, kisha chora kwa chaki mstari wa buluu mita 16 mbele ya goli. Zitabaki mita 9 za kutokea. Upana wake ni kama nusu ya ule wa uwanja halisi, jambo ambalo mwanzoni lilinisumbua sana, lakini nimeona faida yake: pasi huwa fupi, uamuzi huwa wa haraka, na kijana aliyezoea kubanwa katika mita 15 huona nafasi tele akipewa 26.

Ukuta usiukose. Laza mbao pana kwa ubavu kandokando ya uwanja na uziegemeze kwa mifuko ya mchanga, si kwa mawe, ingawa mawe ndiyo tuliyonayo tele hapa Mwanza, kwa kuwa kijana akiangukia ubao atakutana na jiwe nyuma yake. Katika kila pembe weka vipande vitatu vifupi vya mbao kwa mshazari ili mpira uzunguke badala ya kukwama, maana pembe iliyonyooka itakufundishia mchezo mwingine kabisa. Kisahani halisi ni kipande cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54, nacho hakitelezi juu ya saruji. Tumia mpira wa tenisi uliochakaa, ambao haurukiruki sana. Nitaendelea kuuita kisahani. Kugongana kwa miili nimekupiga marufuku kabisa katika mazoezi ya saruji, na ninamsihi kila mwalimu afanye vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: macho ya beki kabla ya mikono yake

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na wazazi wanaokuja kutazama hushangaa kuona saa nzima ikipita bila mtu kupiga goli. Utokaji mzuri huamuliwa kabla kisahani hakijaguswa. Beki anayekimbilia pembeni akikitazama kisahani peke yake atakifikia bila kujua nani yuko nyuma yake, naye atafanya lile ambalo hofu humwelekeza, yaani kukipiga popote.

Mfundishe hivi. Mwalimu anasimama kwenye mstari wa buluu na kukisukuma kisahani pembeni. Beki anaanza kukimbia, na njiani anageuza uso kupitia begani mara mbili: mara ya kwanza anapoanza, na mara ya pili akiwa hatua tatu au nne kabla ya kufika. Nyuma yake mwalimu anainua vidole, na beki anataja idadi kwa sauti kabla ya kugusa kisahani. Akikosea, zoezi linarudiwa. Baada ya siku kadhaa, badala ya vidole weka kijana anayemfukuza, mara kutoka kulia kwake, mara kutoka kushoto, na beki ataje upande ambao presha inatokea.

Kisha fundisha njia ya kukifikia. Beki asikiendee kisahani kwa mstari ulionyooka, kwa sababu atafika uso ukiwa ukutani na mgongo ukiwa kwa adui. Achukue mkunjo mdogo, kama mtumbwi unavyogeuzwa kabla ya kufika gatini, ili anapokigusa awe tayari ameanza kuugeukia uwanja. Kabla ya kukigusa aonyeshe kwa bega kwamba anakwenda upande mmoja, kisha aende mwingine. Hila hiyo ya bega humpotezea anayemfukuza hatua moja, na hatua moja inatosha.

Hatua ya pili: wenzake wanne wako wapi

Kosa la wanaoanza ni kukimbia mbele mara tu beki wao anapokipata kisahani. Mawinga hutorokea mstari wa buluu, senta huwafuata, na beki hubaki peke yake na maadui wawili. Mimi huwaambia vijana kwamba anayebeba kisahani yuko majini, na wenzake lazima wawe karibu kiasi cha kumfikia kwa kamba.

Beki wa pili huanzia mbele ya goli. Yeye ndiye macho ya mwenzake, na kazi yake ya kwanza ni kusema. Baada ya kusema ndipo huteremka hadi nyuma ya goli au upande wa pili wake, tayari kupokea. Asimshike wala asimzuie anayemfukuza mwenzake, kwa kuwa hilo ni kosa.

Senta hushuka chini, karibu sawasawa na kisahani, kati ya goli na upande kilipo, kisha hupanda kwa mkunjo huku akikitazama muda wote. Asikitangulie kamwe. Senta aliyetangulia huonekana ana nafasi nzuri, lakini pasi ya kumfikia hupita katikati ya maadui, na pasi ya katikati ikinaswa mbele ya goli letu ni goli.

Winga wa upande wenye kisahani husimama ukutani, takribani nusu ya njia kati ya mstari wa goli na mstari wa buluu, makalio yakiwa yameelekea ubao na gongo likiwa limelazwa chini. Akisimama hivyo humwona beki wake chini na pia humwona beki wa wapinzani anayeshuka kumkaba. Winga akiutazama ukuta hupokea akiwa kipofu.

Winga wa upande wa mbali huingia katikati, kidogo ndani ya mstari wa buluu, awe pasi ya tatu. Zamani pasi iliyovuka mistari miwili ilikatazwa. Shirikisho la kimataifa liliiondoa kanuni hiyo mwaka 1998 na ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, mwaka 2005, na tangu hapo baadhi ya walimu humtuma winga huyu mbali kabisa ili kuwavuta mabeki wa wapinzani nyuma. Kwa vijana wanaoanza siipendekezi njia hiyo, kwani huvunja ukaribu ambao ndio tunaoujenga.

Hatua ya tatu: miito mitano

Anayekifuata kisahani haoni, kwa hiyo huamuliwa kwa sauti ya beki wa pili au ya kipa. Miito iwe ya neno moja, na masikio yayatofautishe maneno hayo hata katika kelele. Tulipoanza tulitumia "Zunguka", "Vuka" na "Ukuta", na ikawa mabeki wanayachanganya, kwa maana yote yana sauti ileile ya u ikiishia na a. Tukabadilisha. Sasa tunatumia Juu, Zunguka, Ng'ambo, Rudi na Pembeni.

"Juu" ni pasi ya moja kwa moja kwa winga aliye ukutani upande uleule. Huitwa pale presha inapomjia beki lakini winga yuko huru. Ndiyo ya haraka kuliko zote, na ifundishwe kwanza.

"Zunguka" humwambia beki abebe kisahani mwenyewe kupita nyuma ya goli hadi upande wa pili. Hufaa wakati anayemfukuza yuko begani pake au nyuma kidogo, kwa sababu goli lenyewe humkinga: adui hawezi kulipita, analazimika kulizunguka. Beki apite karibu sana na nguzo, asiache pengo la mtu kukatiza, na winga wa upande wa pili awahi ukutani kwake kabla beki hajatokeza.

"Ng'ambo" ni pasi kwa beki wa pili kupitia nyuma ya goli. Watu wa ziwani hawahitaji kuelezwa neno hili. Huitwa pale maadui wote wamejazana upande mmoja na upande wa pili uko wazi.

"Rudi" ndiyo ngumu zaidi na ndiyo tamu zaidi ikifanikiwa. Beki wa kwanza huanza kama anayezunguka, humvuta anayemfukuza amfuate, kisha hukiacha kisahani kirudi kupitia ukutani kule alikotoka, ambako beki wa pili amekwisha kufika. Ufanisi wake unategemea beki wa kwanza kuendelea kukimbia kana kwamba bado anacho. Akisimama, adui naye husimama na kukiona. Usiifundishe kabla "Zunguka" haijawa imara, kwa sababu udanganyifu hauwezekani mpaka adui awe ameizoea na kuiogopa ile ya kweli.

"Pembeni" ni kukipiga kisahani kwa nguvu kandokando ya ukuta kizunguke pembe hadi kwa winga. Ni njia ya dharura, ya beki aliyebanwa na wawili.

Kipa naye ana sehemu yake. Kisahani kinachozunguka ukutani nyuma ya goli, akiweza kukiwahi, akisimamishe na kukiacha kikiwa kimetengana kidogo na ukuta ili beki akichukue kwa gongo bila kukwaruza ubao. Vijana wengi hawapendi ukipa kwa kudhani ni kazi ya kusubiri kupigwa. Wakipewa mamlaka ya kuita, nimeona wakibadilika kabisa.

Hatua ya nne: kuisoma presha

Wapinzani hukabia juu kwa mipango inayojulikana, na miwili inatosha kwa mwaka wa kwanza. Katika mpango wa 1-2-2, mmoja hukimbiza, wawili husubiri katikati wakiziba kuta, na mabeki wao wawili hukaa nyuma. Hapa "Juu" ni mtego, maana winga amekwisha kuwekewa mtu. Beki asiharakishe, asimame nyuma ya goli, awangoje wenzake wajipange, kisha atoe pasi fupi kwa senta anayepanda kwa kasi, au "Ng'ambo" ili wale wawili walazimike kuhama.

Katika mpango wa 2-1-2, wawili huingia ndani kabisa kuwabana mabeki wote. Hapa ndipo "Ng'ambo" inapokuwa hatari, kwa sababu anayepokea naye amekwisha kufikiwa. Jibu ni "Juu" ya haraka, na ikiwa beki wa wapinzani ameshuka kumkaba winga ukutani, winga asijaribu kusimamisha kisahani. Akiguse tu kiende kwa senta aliye ndani yake, kwa pasi ya mita mbili au tatu. Pasi hiyo fupi ya winga kwa senta ndiyo ninayoithamini kuliko pasi nyingine yoyote katika mchezo huu, kwani kwa mguso mmoja inawaacha nyuma wapinzani watatu.

Hatua ya tano: mpangilio wa mazoezi

Nilipoanza nilifundisha miito yote mitano kwa siku moja, nikiichora ubaoni kwa rangi tano. Vijana waliikariri vizuri ubaoni, kisha uwanjani wakasimama wakitazamana. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila mwito hupewa wiki yake, na hupita katika ngazi zilezile: kwanza watano bila mpinzani, kwa kutembea, mpaka kila mmoja aweze kusema mahali pake bila kuulizwa, kisha watano hao wakikimbia, kisha mpinzani mmoja, aliyekatazwa kunyang'anya na kuruhusiwa kufukuza tu, kisha wawili wenye ruhusa yote, na mwisho wanne au watano. Usiipandishe timu ngazi mpaka imetoka salama mara nyingi kuliko ilivyopoteza.

Badilisha nafasi kila baada ya zamu chache, ili winga ahisi anavyojisikia beki aliyeachwa peke yake. Zamu moja katika mchezo halisi ni kama sekunde 45, kwa hiyo zoezi lisizidi hapo. Pumziko liwe refu. Sisi huanza saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea na saruji imeanza kupoa.

Hatua ya sita: kuhesabu

Chora mistari mitatu kwenye daftari. Katika wa kwanza weka alama kila timu inapovuka mstari wa buluu ikiwa na kisahani mkononi mwake, kwa kubeba au kwa pasi iliyofika. Wa pili, inapokitoa bila kukimiliki. Wa tatu, inapokipoteza ndani. Mpe kazi hiyo kijana aliyeumia au aliyechoka, kwani anayehesabu hujifunza kuona. Mwishoni mwa mazoezi usiseme nani alicheza vibaya. Uliza kila kupotea kulitokana na nini: beki hakutazama, hakuna aliyeita, au wenzake walikuwa mbali. Karibu kila mara jibu ni mojawapo ya hayo matatu, na ndilo litakaloamua zoezi la kesho yake.

Siku mtakapofika kwenye barafu

Mambo mawili yatawashangaza vijana. Kisahani hakipunguzi mwendo kama mpira wa tenisi juu ya saruji, kwa hiyo pasi zao za kwanza zitapita wenzao na "Pembeni" itatoka eneo lote. Pia mchezaji hasimami papo hapo. Mkunjo wa senta, ambao kwa raba ni hatua tano, kwa viatu vya barafu huwa duara pana, na lazima auanze mapema. Kwa sababu hiyo, tumieni saa nzima ya kwanza kuteleza na kusimama tu, bila magongo. Saa ya pili rudini kwenye ngazi ya kwanza kabisa, watano bila mpinzani, kwa mwendo wa polepole, mwito mmoja tu wa "Juu", na kila beki atazame begani mara mbili na kutaja vidole alivyoviona.